Mstari wa Novemba

Tanuri la Verna Ojala lilikufa Jumanne asubuhi, katikati ya Februari, na wala halikufa kwa makelele. Lilikohoa mara mbili kwenye chumba cha chini ya nyumba, likanyamaza. Verna alikuwa mezani na kahawa yake. Baada ya kama saa moja hivi alishika kikombe akakikuta cha baridi, akanyanyuka kwenda kutazama kipimajoto cha ukutani, na sindano ilikuwa inashuka. Akaitazama ikishuka. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha la jikoni, na mji mzima wa Negaunee ulikuwa kimya.

"Haya," akasema peke yake. "Na wewe nenda."

Mtu mwingine angeshtuka. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, peke yake, baridi ya kupasua mawe, na tanuri la kupasha nyumba joto limezima: hapo mtu hupiga yowe majirani wakaja. Verna hakusikia kitu. Mwaka ulikuwa umetimia wiki ileile tangu mumewe Reino afariki, na mwaka huo wote moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Hata chozi hakuwahi kulitoa. Reino alifariki Februari, akawekwa kwenye chumba cha maiti cha makaburini hadi Mei ardhi ilipolegea, ndipo akazikwa, na siku hiyo Verna alisimama pembeni ya kaburi akiwaza kama mkate wa iliki utawatosha wageni. Uliwatosha, na ukabaki.

Lakini ganzi si kifo. Ndani ya ganzi hiyo kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka, kimoja tu: asihamishwe kwenye nyumba ile. Na tanuri lilikuwa limekigusa hichohicho.

Maana kulikuwa na makubaliano. Binti yao, Marcy, anayeishi Green Bay, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, alimwambia siku ileile ya mazishi, mbele ya watu: "Mama, kaa. Lakini siku kitu kikubwa kikiharibika ukashindwa kukitengeneza, unakuja kwangu. Sitaki kupigiwa simu kwamba wamekukuta umeganda kitandani." Verna akaitikia. Siku hizo alikuwa anaitikia kila kitu.

Basi alipompigia mchana ule kumweleza, Marcy hakuzunguka.

"Jumamosi nakuja na gari. Nikikuta linawaka, nitakunywa kahawa nirudi zangu. Nikikuta haliwaki, unapanda."

"Tuna waranti, watalitengeneza wao," Verna akasema.

"Mama, waranti hiyo nayo..."

"Baba yako ndiye aliyeikata."

Marcy akaaga, akakata simu.

Na kweli Reino ndiye aliyeikata, kwa hiyo tumseme kidogo, maana bila yeye hakuna kisa. Reino Ojala alikuwa Mfini, wa wale waliovuka bahari kuja kuchimba chuma, ila yeye alizaliwa hapahapa, mwana wa mchimbaji na mjukuu wa mchimbaji, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa chuma. Kule mgodini walikuwa na desturi yao. Fundi akimaliza kazi, haondoki kimyakimya. Anaandika kwa penseli palepale kwenye bati la mtambo: tarehe, alichofanya, alichokiona, na kinachomtia wasiwasi. Walikuita huko kumwandikia wa zamu. Anayeingia zamu inayofuata pengine hamwonani kabisa, pengine hata hampendani, lakini uhai wake umeuacha hapo kwenye ule mtambo. Ukimficha ufa, umemuua.

Reino aliihamishia desturi hiyo nyumbani. Tanuri alilifunga kwa mikono yake miaka thelathini na moja iliyopita, na kila mwaka, majani yakishapukutika, alishuka chini, akalisafisha, akabadilisha chujio, kisha akaandika upande wa ndani wa mlango wake wa bati. Penseli yenyewe ilining'inia hapo kwa uzi, fupi kama kidole gumba, na kifutio kwenye kitako chake. Verna alikuwa akimcheka.

"Unamwandikia nani humu, bwana wee? Zamu inayofuata ni mimi, na mimi sijui hata linawashwaje."

"Basi utasoma," Reino hujibu.

Waranti aliikata Januari, miaka miwili iliyopita, wiki moja baada ya daktari kumwonyesha picha ya mapafu yake. Kipeperushi cha Kampuni ya waranti kilikuja kwa posta, kina familia inacheka hadi magego, na chini yake maneno makubwa: tunalipia chochote, hata kiwe kikuukuu vipi, bila ukaguzi. Reino, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwita fundi, akapiga namba ile. Verna alikuwa anakanda unga, alimsikia kwa masikio yake mwenyewe akisema, "Nikwambie mapema, kijana, tanuri langu lina ufa." Na yule kijana wa upande wa pili akacheka kwa sauti hadi Verna akasikia. "Mzee, ondoa shaka, sisi tunalipia hata mizimu."

Reino akaweka simu chini. "Umesikia? Nimemwambia." Kisha akaibandika namba ya Kampuni kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la samaki. "Mimi nisipokuwepo, kitu kikiharibika, wapigie hawa."

Verna akaendelea kukanda unga. Hakutaka kumtazama.

Sasa, Jumanne hiyo, akawapigia.

Asante kwa kutupigia, simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma. Halafu muziki. Halafu sauti ya mwanamke ikamwuliza jina la mama mzazi wa Reino. Halafu muziki. Halafu mwanamume akamwambia idara hii ni ya mabomba. Walimpiga danadana Jumanne yote, na Jumatano hadi saa nane mchana, huyu akimrushia yule, na kila aliyepokea alimpa pole ya kufiwa kwa maneno yaleyale, bila hata kukosea herufi. Verna alikuwa anaiweka simu kwenye meza, anakunja nguo, anarudi, muziki bado upo. Mtu mwenye damu inayochemka angetukana. Yeye alisubiri tu, na kwa kuwa alisubiri, mwisho wakachoka wao, wakampa fundi wa Alhamisi.

Jirani yake, Dolores Bonetti, mjane wa siku nyingi na mwenye mdomo usiojua komeo, alikuja Jumatano jioni na heta mbili za umeme na pasti nne za moto, zilizojaa nyama na viazi.

"Shoga, hao ni matapeli waliovaa tai," akasema kabla hajavua buti. "Mimi waliniambia friji yangu imekufa kwa uzee. Nikawauliza, mlitaka ife kwa ujana? Wakanikatia simu! Jana umelala wapi?"

"Sauna."

Sauna ya akina Ojala ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, chenye jiko lake la kuni, cha kuogea mvuke kila Jumamosi. Verna alikuwa ametandika godoro kwenye chumba chake cha kuvulia nguo.

"Umelala sauna! Kama Mfini wa kwanza kushuka melini! Na mabomba je?"

"Nimeacha yanadondoka yasigande."

"Njoo ulale kwangu."

"Nikija kwako, Marcy atasema nimekwisha hama."

Dolores akamtazama. Alimjua tangu wote wawili wakiwa na meno yao. "Wewe Verna, una hofu? Niambie tu."

Verna akafikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Sijui. Nataka kubaki. Zaidi ya hapo sijui kitu."

Fundi alifika Alhamisi saa nne asubuhi. Jina lake Duane LaCombe, mtu wa miaka hamsini na kitu, tumbo mbele, magoti yakilia kila ngazi anayoshuka. Alikuwa na gari lake na vyombo vyake. Kampuni humpa kazi tu na kumlipa inapopenda, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Verna akampa ada ya kumwita mlangoni, kama karatasi ilivyotaka, na wakashuka chini. Duane akalifungua tanuri, akalala kifudifudi na tochi yake, akatoa pumzi ndefu.

"Limekwisha, mama. Lile bati la ndani linalotenga moto na hewa ya nyumba limepasuka. Ungeendelea kuliwasha, lingekujazia humu gesi ya sumu, ile isiyo na harufu, ulale usiamke. Bahati yako kizimio cha usalama kimefanya kazi. Hili halitengenezeki. Ni jipya tu."

"Waranti italipa?"

Duane akakaa kitako sakafuni. "Wanatazama mambo mawili. La kwanza, uthibitisho kwamba lilitunzwa kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia, hawana karatasi. La pili, ubovu usiwe ulijulikana kabla hamjakata waranti. Una karatasi za matunzo?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kitu kikatikisika kifuani mwa Verna. Ilikuwa fahari, ingawa yeye mwenyewe hakuitambua mara moja.

"Karatasi?" akasema. "Mimi nina bora kuliko karatasi."

Akaugeuza ule mlango wa bati ulioegemezwa ukutani. Mistari thelathini na moja, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na mwaka wake pembeni, mwandiko mdogo wa kusimama wima. Wa mwisho kabisa ulikuwa wa Verna mwenyewe, wa Oktoba iliyopita: alishusha kifyonza vumbi, akasafisha, akabadilisha chujio, akaandika kwa aibu kidogo, V. Juu yake ulikuwa wa mwaka juzi, wa Reino akiwa na mrija wa hewa puani, herufi zikitembea kama sisimizi walevi.

Duane akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Baba yangu alikuwa mgodini," akasema. "Huku ni kumwandikia wa zamu. Sijaona mtu akifanya hivi tangu alipofariki." Akaanza kusoma kutoka juu, midomo ikicheza, na Verna akasimama nyuma yake kama mzazi siku ya kutolewa matokeo. Kidole cha Duane kikashuka, kikashuka, kikafika mstari wa tatu kutoka chini. Kikakoma hapo.

"Nov. 2. Nimesafisha. Chujio jipya. Ufa mdogo juu kushoto. Si hatari bado. Mwakani ninunue jipya. R."

Akausoma kwa sauti, halafu akausoma tena kimya.

"Waranti mlikata lini, mama?"

"Januari. Januari iliyofuata."

"Miezi miwili baadaye." Duane akajikuna kichwa. "Lo! Kwa mkono wake mwenyewe."

"Lakini aliwaambia! Aliwaambia kwenye simu, nilikuwa hapo juu nakanda unga. Yule kijana akacheka."

"Mama, mimi nakuamini. Lakini kwangu imeandikwa nipige picha ya kila kumbukumbu ya matunzo niliyoonyeshwa. Wakiuona mstari huu hawatausoma mwingine wowote."

Maji yalisikika yakidondoka kwenye sinki la juu. Verna akaelewa kwamba yeye ndiye aliyeugeuza mlango ule, kwa majivuno, bila kuulizwa zaidi ya swali moja, na kwamba angesema "sina karatasi" pia angekosa. Akaelewa hayo vizuri sana. Bado hakusikia uchungu.

Duane akajiinua, magoti yakalia. Akavaa kofia yake. Alikuwa anatazama ukuta, si Verna.

"Simu yangu ya kupigia picha nimeisahau garini," akasema polepole. "Nitakwenda kuichukua. Na huko nitavuta sigara moja. Mimi sigara yangu huchukua dakika kumi, mke wangu hulalamika kila siku. Nikirudi, nitapiga picha ya kitakachokuwepo. Kisichokuwepo hakinihusu." Simu ilikuwa mfukoni mwake, imechomoza nusu nzima. Akapanda ngazi nayo.

Verna akabaki na mlango.

Mstari wa Novemba ulikuwa wa mwisho ambao Reino aliuandika akiwa mzima. Alikumbuka siku yenyewe: alipanda kutoka chini amepakaa masizi puani, akaomba pasti, akala mbili. Verna akaushika ule uzi, akaigeuza penseli kitako juu, akaanza kufuta. Kifutio kilikuwa kimekauka kwa uzee, kikawa kinakwaruza tu. Akatia ulimi. Akafuta tena. "Ufa" ukaondoka kwanza. Kisha "kushoto." Penseli ya Reino ilikuwa imekandamizwa, tarehe na mwaka vikagoma kutoka, akavifuta kwa mkono wa sweta aliyovaa, na sweta yenyewe ilikuwa ya Reino. Ilipokwisha, pakabaki mahali peupe panapong'aa, panasema waziwazi kwamba pamefutwa. Basi akachovya kidole gumba kwenye vumbi la chujio bovu, akapapaka, akapapuliza, pakafanana na kwingine. Akashangaa jinsi mkono wake ulivyoujua uongo bila kufundishwa.

Baridi ya bati ilimwingia hadi kwenye viwiko. Ni hiyo tu aliyoisikia.

Duane aliporudi hakuuliza. Alipiga picha zake, tatu za tanuri na mbili za mlango, akaandika mambo yake, akapanda jikoni akala vipande viwili vya mkate wa iliki akiwa amesimama na koti. "Nitawaandikia vizuri, mama," akasema mlangoni. "Leo hii hii wataipata."

Ijumaa asubuhi Verna alimsimulia Dolores, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu mmoja hawezi kukaa nayo. Dolores akapiga paja.

"Umefanya vizuri! Dawa ya moto ni moto. Wao wamedanganya wangapi?"

"Ilikuwa sentensi ya Reino."

"Reino angekuwepo angekushikia taa."

Verna akatikisa kichwa. Reino asingeshika taa. Lakini hakulisema.

Simu ililia saa nane. Dolores alikuwepo, akavuta kiti karibu bila haya. Mwanamke wa Kampuni alijitambulisha kwa jina la Shawna, akatoa pole ya kufiwa, akasema simu inarekodiwa.

"Tumepitia ombi lako, Bi Ojala. Tunasikitika, limekataliwa."

"Kwa nini?"

"Kumbukumbu za matunzo. Mkataba unataka miaka mitatu mfululizo. Tunao mwaka jana, tunao mwaka juzi. Wa kabla ya hapo haupo. Fundi ametuletea picha, na ni nzuri sana, zinasomeka. Tunaona miaka yote huko nyuma, thelathini karibu. Huo mmoja tu ndio uliorukwa."

Dolores akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haukurukwa," Verna akasema. "Ulikuwepo."

"Kwenye picha haupo, mama."

"Ulikuwepo. Alisafisha, akabadilisha chujio, Novemba tarehe mbili, aliandika. Ulikuwepo, ni mimi nili..."

"Mama." Sauti ya Shawna ikashuka, na kwa mara ya kwanza katika siku nne hizo Verna akasikia mtu ndani ya simu ile. "Nikukumbushe tu. Simu hii inarekodiwa."

Verna akafunga mdomo.

"Mume wangu naye alirekodiwa," akasema mwishowe. "Januari ile alipokata. Aliwaambia juu ya tanuri, aliwaambia kila kitu. Tafuteni sauti yake."

Vidole vya Shawna vikasikika kwenye kibodi. Vikasikika kwa muda. "Rekodi tunakaa nazo mwaka mmoja, mama. Baada ya hapo zinafutwa."

"Zinafutwa."

"Ndiyo, mama. Kuna jambo jingine naweza kukusaidia leo?"

Hakukuwa na jambo jingine. Dolores alisimama, akaketi, akasimama tena. "Shenzi!" akasema. "Shenzi kabisa! Ukiuacha, wanakunyima kwa ufa. Ukiufuta, wanakunyima kwa pengo. Sasa mtu afanye nini? Sisi tulifunzwa mficha maradhi kifo humuumbua. Reino hakuficha, na mbona tumeumbuka vilevile?"

"Mimi ndiye niliyeficha," Verna akasema.

Alisema hivyo akikunja kitambaa cha meza, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye droo. Kisha akampigia Marcy kumwambia wamekataa, akapanda chumbani akashusha sanduku. Hakuna mtu ambaye angeuziwa tanuri jipya kwa pensheni ile, na Marcy alikwisha sema hatatia hata senti kwenye nyumba kubwa ya kulala mtu mmoja. Makubaliano ni makubaliano. Verna akapanga nguo kama anampangia mtu mwingine.

Marcy aliingia Jumamosi karibu na saa sita, mrefu kama baba yake, pua nyekundu kwa baridi. Alimkumbatia mama yake, akasikia ubaridi wa nyumba. Aliona sanduku mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi njia nzima, na ugomvi ulipokosekana akawa hajui aiweke wapi mikono yake.

"Fundi bomba anakuja saa saba kukausha mabomba yote," akasema. "Nimeshampigia. Nyumba itakaa hivi hadi masika, halafu tutaiuza taratibu. Kuna watu wanatafuta, mama. Juzi kuna vijana wameniuliza, mke na mume, wana mtoto mchanga. Mume ni hodari wa mikono, anasema tanuri si tatizo, atalifufua mwenyewe."

Verna alikuwa anafunga vifungo vya koti. Akaacha kwenye cha tatu.

"Atalifufua?"

"Ndivyo alivyosema. Kizimio tu, anasema, huwa vinasumbua vikizeeka. Unaunganisha waya kukiruka, linawaka."

Verna akashuka chini. Alishuka haraka kuliko alivyoshuka ngazi zile kwa miaka mingi, koti limefungwa nusu, akawasha taa, akaugeuza mlango wa bati. Mistari thelathini, mwandiko wa kusimama wima, na mahali pamoja pa vumbi. Akamwona yule kijana hodari wa mikono, ambaye hakumjua, akisoma hapo: nimesafisha, nimesafisha, nimesafisha, kila kitu salama. Akamwona anakiruka kizimio. Akaona juu, chumba kile cha pembeni alimolala Marcy akiwa mdogo, kitanda cha mtoto.

Wa zamu hakuwa yeye. Hakuwahi kuwa yeye peke yake.

Ganzi ikaachia hapo. Na aliyewahi kukalia mguu anajua, ganzi haiachii kwa raha. Huja na sindano. Alikaa sakafuni, kwenye saruji ya baridi, akalia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi, kilio chote cha mwaka mzima, na alikuwa anasema, "Nimekufuta, nimekufuta, Reino, nimekufuta kwa mkono wangu," na Marcy akashuka mbio akadhani ameanguka.

"Mama! Umeumia? Mama, nini?"

"Ndiyo," Verna akasema. "Nimeumia."

Marcy akapiga magoti akamshika. Walikaa hivyo, binti akimsugua mgongo, hadi kilio kikapungua kikawa kwikwi. Kisha Verna akanyoosha mkono, akautafuta ule uzi, akaivuta penseli.

"Unafanya nini sasa? Mama, twende, hapa pana baridi. Unamwandikia nani humu?"

"Wa zamu," Verna akasema. "Nimulikie."

Marcy akawasha taa ya simu yake. Verna akalifuta lile vumbi kwa kiganja. Akaandika juu ya mahali palepale, bila kukosa neno, maana aliujua kwa moyo: Nov. 2. Nimesafisha. Chujio jipya. Ufa mdogo juu kushoto. Si hatari bado. Mwakani ninunue jipya. R.

Kisha akashuka hadi chini kabisa, chini ya mstari wake wa Oktoba, akakandamiza penseli kama alivyokuwa anakandamiza Reino.

"Feb. 15. Ufa umekuwa mkubwa. Usiliwashe, litaua. Mstari wa Reino niliufuta mimi, nimeurudisha. Yeye hakuficha. Verna."